Minyororo au magurudumu kwa roboti ya mashindano: tuliyojifunza Malindi

Mwalimu, umeuliza kwa niaba ya wanafunzi wako wa Lamu kama roboti yao ya kilo 6 ifungwe minyororo kama ya kifaru cha vita au magurudumu manne ya kawaida, nayo itashindania ukumbini juu ya plaiwudi, isukume masanduku, ipande mpando mmoja mfupi na kuvuka ubao wenye unene wa sentimita 2. Umeeleza pia kwamba vijana wameegemea minyororo kwa kuamini kuwa inashika chini zaidi, na kwa hiyo itasukuma zaidi. Nimekuwa mlezi wa kikundi cha roboti cha vijana hapa Malindi kwa miaka sita sasa, na imani hiyohiyo ndiyo iliyotutia hasarani mwaka wetu wa kwanza. Jibu langu ni magurudumu, ila si kwa namna yoyote ile ya kuyafunga, na hapo ndipo penye maelezo marefu.

Nianze na hilo la kushika. Vijana wakiona mnyororo umelala chini kwa urefu wake wote, hudhani kwamba eneo kubwa linalogusa sakafu ndilo linaloleta nguvu ya kusukuma. Juu ya sakafu ngumu mambo hayako hivyo. Nguvu kubwa kabisa ambayo roboti inaweza kusukuma nayo bila kuteleza hutokana na uzito uliokaa juu ya sehemu zinazoendeshwa na aina ya mpira unaogusa mbao; ukubwa wa eneo hubadilisha kidogo sana. Sisi hatukuliamini hilo mpaka tulipolipima. Tuliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, tukaifunga kwa kamba nyuma ya roboti na upande wa pili kwenye mguu wa meza, kisha tukaiendesha roboti mpaka ikaanza kuteleza papo hapo ilipo. Ikiwa na minyororo, mizani ilisoma kilo 4 na gramu 100. Tuliondoa minyororo, tukafunga magurudumu manne tuliyoyavisha vipande vya tyubu ya baiskeli, tukaongeza chuma kidogo ili uzito ulingane, na mizani ikasoma kilo 4 na gramu 400. Tulirudia mara kadhaa na magurudumu hayakushindwa hata mara moja, kwa sababu tyubu ni mpira laini kuliko plastiki yenye mpira mwembamba ya ile minyororo. Kijana mmoja aliyekuwa ametetea minyororo kwa mwezi mzima alikaa kimya, akaomba mizani aipime mwenyewe.

Minyororo ilibuniwa kwa tatizo jingine kabisa, nalo ni kuzama. Benjamin Holt wa California alijaribu mashine yake ya mvuke yenye minyororo mnamo Novemba 1904 kwa sababu matrekta ya magurudumu yalikuwa yakididimia katika udongo laini wa bonde karibu na mji wa Stockton, na jina la mashine hizo, Caterpillar, ndilo lililotupa sisi neno katapila. Vifaru vya Uingereza vilivyoingia vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1916 huko Somme navyo vilitakiwa kupita kwenye matope na mahandaki. Kwa roboti yenu, minyororo miwili yenye upana wa sentimita 4 na inayogusa chini kwa urefu wa sentimita 24 hueneza zile kilo 6 zikawa gramu 31 hivi kwa kila sentimita ya mraba, ilhali magurudumu manne ambayo kila moja linagusa sentimita 2 za mraba hukandamiza gramu 750 mahali hapohapo. Juu ya mchanga mkavu tofauti hiyo ndiyo kila kitu, na dereva yeyote wa huku aliyewahi kunasa ufuoni anaijua, maana jambo la kwanza analofanya ni kupunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke. Juu ya plaiwudi hakuna cha kuzama, kwa hiyo faida hiyo haipo.

Hasara, hata hivyo, ipo palepale, nayo ni kugeuka. Roboti ya minyororo haina usukani. Hugeuka kwa upande mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, huku ncha za minyororo zikiburutwa kimbavumbavu juu ya sakafu. Fikiria watu wawili wanaozungusha benchi refu la barazani bila kuliinua: miguu ya katikati, kama ingekuwapo, ingesogea kidogo tu, lakini ya mwishoni inakwaruza sana, na benchi likiwa refu zaidi ndivyo linavyokuwa zito kuzungusha. Ukichukua minyororo inayogusa chini kwa sentimita 24 na iliyoachana kwa sentimita 18, hesabu inaonyesha kwamba kugeuka papo hapo kunakula karibu theluthi mbili ya nguvu yote ya kushika ambayo roboti inayo, kabla haijagusa sanduku lolote. Nguvu hiyo inatoka kwenye mota, na mota inaipata kwenye betri.

Sisi tuliyajua haya kwa harufu. Mota zetu zilikuwa za volti 12 zenye gia, na bodi iliyoziendesha ilikuwa na chipu ya L298N, ambayo imepangiwa ampea 2 kwa kila mota na ambayo yenyewe hupoteza takriban volti 2 kama joto. Roboti ikienda mbele, kila mota ilivuta chini ya ampea 1, nasi tukaridhika. Hatukuwahi kupima ikiwa inageuka. Siku ya mashindano, katika mzunguko wa pili, mwendeshaji wetu aligeuza roboti karibu na ukuta wa uwanja mara nne au tano mfululizo akitafuta sanduku, na kukatoka ile harufu ya plastiki inayoungua ambayo kila fundi anaijua. Bodi haikufa mara moja. Ilijizima, ikapoa, ikarudi, na iliporudi mnyororo wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linalouzungusha, kwa sababu kugeuka chini ya mzigo huuvuta mnyororo kwa ubavu. Tulimalizia dakika iliyobaki roboti ikizunguka mduara mmoja kama ngamia wa kinu cha simsim, na ukumbi mzima ukicheka. Kosa lilikuwa letu, si la bodi. Tulipofika nyumbani tukapima: wakati wa kugeuka kila mota ilivuta ampea 3 na zaidi.

Sasa naomba usomeke vizuri mstari huu, kwa maana hapa ndipo wengi wanaoshauri magurudumu wanapokosea. Ukiyachukua magurudumu manne yenye mpira mzuri na kuyafunga palepale zilipokuwa ncha za minyororo, yaani ekseli ya mbele na ya nyuma zikiachana kwa sentimita 24 na kushoto na kulia kwa sentimita 18, roboti hiyo itageuka vibaya kuliko ile ya minyororo. Sababu ni kwamba mnyororo umegawa uzito katika urefu wake wote, na sehemu ya katikati haikwaruzi sana, ilhali magurudumu manne yameweka uzito wote kwenye pembe, mahali ambapo mburuto ni mkubwa zaidi. Itaruka-ruka, itatetemeka, au itakataa kabisa. Nimewaona vijana wakilaumu mota, wakanunua kubwa zaidi, na kumbe tatizo lilikuwa matundu mawili yaliyotobolewa mahali pasipofaa.

Kwa hiyo sharti langu ni kwamba umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uwe mdogo kuliko upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Kwetu sisi sentimita 15 kwa 24 zimetufaa kwa miaka mitatu. Sheria za ukubwa zikiwalazimisha roboti ndefu, kuna njia mbili. Moja ni kuyavua mpira magurudumu ya mbele, au kuyabadilisha yawe yale yenye vijigurudumu vidogo pembezoni vinavyoruhusu kuteleza kwa ubavu, ingawa hapo unapoteza sehemu ya nguvu ya kusukuma. Ya pili ni magurudumu sita, yale ya katikati yakishushwa milimita 3 hivi chini ya mengine, ili kwa wakati wowote roboti isimame juu ya manne tu yaliyo karibu. Njia hii hutumiwa sana na timu za FIRST, mashindano ya roboti ya wanafunzi kule Marekani, nami naiona ni akili kubwa kwa kazi ndogo ya drili. Yale magurudumu ya Mecanum, yaliyobuniwa na Mswidi Bengt Ilon miaka ya 1970, ambayo humwezesha dereva kwenda kimbavu kama kaa, ni mazuri kuyatazama, lakini kwa mchezo wa kusukumana siwashauri. Vijigurudumu vya pembezoni mwake huteleza na vumbi letu la pwani huyaingia.

Kuhusu mpando na ule ubao wa sentimita 2, nakiri kwamba hapa minyororo ina hoja. Mwaka 2016 mchezo wa FIRST ulioitwa Stronghold ulijaa vizuizi vya kuvukwa, na timu nyingi zikachagua minyororo au matairi ya upepo; nadhani baadhi ya video wanazozitazama vijana wako zimetoka huko. Lakini sentimita 2 si kizuizi kikubwa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 10, ikiwa yote manne yanaendeshwa, huupanda ubao huo bila kubembelezwa, ilhali la sentimita 6 litahangaika, kwa kuwa ubao umekaribia kimo cha ekseli yake. Hofu ya kweli iko kileleni mwa mpando, ambapo tumbo la roboti linaweza kukalia ukingo na magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Kwa mpando wa nyuzi 20 na ekseli zilizoachana kwa sentimita 15, tumbo likiwa juu ya ardhi kwa sentimita 1.5 linapita kileleni, ingawa ule ubao wa sentimita 2 unataka tumbo lililo juu zaidi ya hapo; pimeni mpando wenyewe kabla ya kukata chochote, na msisahau kwamba betri ikiwekwa juu na nyuma, roboti fupi inaweza kuanguka chali.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halionekani mpaka mtu aandike programu ya kuendesha bila mkono. Minyororo ikigeuka huteleza, tena kwa kiasi kisicholingana. Tulikuwa na sensa za kuhesabu mizunguko ya mota, na kwa hesabu ileile roboti iligeuka mara nyuzi 70, mara 85, kutegemea vumbi na chaji ya betri. Magurudumu manne nayo huteleza, ila kidogo. Magurudumu mawili yanayoendeshwa pamoja na kijigurudumu huru nyuma ndiyo yanayohesabika vizuri kuliko yote. Ikiwa sehemu ya alama zenu hutolewa kwa kujiendesha, wekeni sensa ya jairo, ile inayopima roboti imegeuka kiasi gani, vyovyote mtakavyochagua.

Wakishikilia minyororo kwa kuwa imeshanunuliwa, basi bodi ya kuendesha mota iweze kubeba mkondo wa mota iliyokwama kabisa, si ule wa mota inayozunguka huru. Mnyororo uwe na nafasi ya kukazwa na kulegezwa: ukiubonyeza kwa kidole katikati ya sehemu ya juu, ushuke nusu sentimita hivi. Ukiukaza ukawa kama uzi wa ala ya udi, mota inakula umeme hata roboti ikiwa imeinuliwa juu. Ukilegea, utaruka meno kwenye kona ya kwanza.

Nasi hatukuitupa minyororo yetu. Tuliipeleka ufuoni, na huko tukaona jambo ambalo sikulitarajia. Maji yakiwa yametoka, mchanga uliolowa ni mgumu kiasi cha watu kupita na baiskeli, na roboti ya magurudumu ilienda juu yake bila shida. Ilipopanda tu kwenye mchanga mkavu ilijichimbia mpaka tumboni, na ile ya minyororo ikampita mwenzake polepole kama kobe. Ilikwenda mita thelathini hivi, kisha ikasimama: kipande cha kombe kisichozidi ukucha kilikuwa kimejibana kati ya jino la sproketi na mnyororo. Tulikitoa kwa ncha ya kisu. Baada ya wiki mbili pini za chuma zilikuwa zimeota kutu, kwa kuwa hatukuisuuza kwa maji yasiyo ya chumvi jioni ileile.

Kabla vijana hawajakata mbao, waambie watoboe matundu ya ekseli ya namna zote mbili kwenye bamba moja, kwa minyororo na kwa magurudumu. Ni kazi ya saa moja. Kisha waazime mizani ya samaki hapo sokoni, wapime kuvuta, na wapime ampea roboti ikigeuka huku inasukuma sanduku lililojaa, na magurudumu yafutwe vumbi kwa kitambaa kibichi kabla ya kila kipimo. Namba wakizipata, naomba uzilete hapa, hasa kama zitanipinga.