Sharti la A₂ kwa integrali singula: anza na |x|ᵃ, vitabu baadaye

Mkuu, umesema umeanza uzamili hapo Mlimani, msimamizi kakupa mada ya integrali singula zenye uzito, na kila andiko unalofungua linakutupia sharti la Muckenhoupt, yaani A₂, bila kueleza limetoka wapi. Nilipita humo humo, nikisoma zaidi kwenye foleni ya Ubungo kuliko maktaba. Nakujibu kwa p = 2, yaani tukipima f kwa integrali ya |f|², huko ndiko mambo yanaonekana.

Mfano wa kwanza wa integrali singula ni opereta ya Hilbert, H: inatafuta integrali ya f(y) ikigawanywa kwa π(x − y). y ikikaribia x, asili inaelekea sifuri na thamani inalipuka. Kinachookoa ni kwamba kushoto na kulia alama zinapingana, zinafutana. Bila uzito, integrali ya |Hf|² haizidi ile ya |f|². Sasa, ndani ya integrali, zidisha pande zote mbili kwa uzito chanya w(x), ruhusu konstanti C upande wa f. Ni w zipi zinakubali?

Chukua kalamu. Weka vipande viwili vya mstari vyenye urefu sawa, I na J, vinavyogusana. f ikiwa chanya na imekaa ndani ya I tu, ukiwa J hakuna cha kufutana: x − y ina alama moja na haizidi urefu wa I mara mbili. Kwa hiyo |Hf| ndani ya J haipungui wastani wa f ndani ya I ukigawanywa kwa 2π. Weka f = 1/w. Mistari miwili tu, unapata wastani wa 1/w ndani ya I mara wastani wa w ndani ya J hauzidi 4π²C. Kisha weka f = 1 ndani ya J, utaona jumla ya w ndani ya I haizidi 4π²C mara ile ya J. Unganisha: wastani wa w mara wastani wa 1/w, ndani ya kipande kilekile, una ukomo. Hilo ndilo A₂. Halikushuka kutoka mbinguni.

Kurudi nyuma, kwamba sharti linatosha, ndiko kwenye jasho. Muckenhoupt alilimaliza kwa opereta ya maksima (inayochukua wastani mkubwa kuliko wote wa |f| kuzunguka kila nukta) mwaka 1972, Hunt, Muckenhoupt na Wheeden kwa H mwaka 1973, Coifman na Fefferman kwa familia pana zaidi mwaka 1974.

Kabla ya kuwagusa hao, jaribu w = |x|ᵃ. Kutoka 0 hadi r, wastani wa w ni rᵃ/(1 + a), wa 1/w ni r⁻ᵃ/(1 − a). Zidisha: r inapotea, inabaki 1/(1 − a²). a = 0.9 inatoa kama 5.3, a = 0.99 inatoa kama 50, na a = 1 imekufa kabisa.

Namba hiyo ndiyo waliyoihangaikia baadaye: C inakua kwa kasi gani namba ya A₂, yaani ukomo wa zao hilo la wastani mbili, ikikua? Ukipima kwa norm, yaani kipeuo cha pili cha C, jibu ni kwa mstari ulionyooka. Petermichl alilipata kwa H mwaka 2007, Hytönen kwa opereta zote za Calderón na Zygmund, familia pana ya integrali singula ambayo H imo, mwaka 2012. Ushauri wangu: usianze na Hytönen. Anza na Lerner, 2013, anayetumia familia ya vipande vilivyotawanyika (sparse). Ni fupi, na wasimamizi wengi wanaipenda.

Ukimaliza hapo, rudia |x|ᵃ kwa p = 3, ambako zao ni wastani wa w mara mraba wa wastani wa 1/√w. Ukipata −1 < a < 2, uko sawa. Ukipata kingine, weka hesabu yako hapa tuione.