Maswali ya Wasomaji: Mama ameacha kusuka ukili

SWALI: Mama yangu ana miaka 74. Alikuwa akisuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu, na kuushona mikeka, lakini tangu baba afariki mwaka jana ameacha. Anasema vidole vinamuuma na macho hayaoni, basi anashinda barazani kimya. Tukimhimiza asuke tena, itamsaidia au tutamchosha bure?
Msomaji, Tanga

JIBU: Itamsaidia, ila msimrudishie kazi ileile katika hali ileile. Kwanza apimwe macho. Huenda ana mtoto wa jicho, au anahitaji miwani tu. Mtafutieni ukindu wa rangi mbili zinazoachana vizuri, tuseme mwekundu na ule usiotiwa rangi, maana chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, za rangi moja humpotezea hesabu mwenye macho hafifu. Ziwe pana kidogo, kama sentimita 1.

Ukindu mkavu hukatika, na msukaji hulazimika kubana vidole zaidi. Unyunyizieni maji, muuviringe katika kitambaa chenye unyevu nusu saa kabla. Usilowe chapachapa: ukili uliosukwa ukiwa umelowa hunywea ukikauka, mkeka ukabaki na mianya, na mama ataona ni mikono yake iliyoharibika. Aloweke viganja katika maji ya uvuguvugu dakika 10, asuke dakika 20, apumzike. Akae kwenye kiti chenye egemeo. Kiungo kikivimba na kupata joto, aache, aonwe na daktari.

Lakini msimwache asuke peke yake. Mwaka 2006 Gene Cohen na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wazee 166 wa Washington, Marekani. Waliojiunga na kwaya ya kila wiki, baada ya mwaka mmoja, walianguka mara chache, walikwenda kwa daktari mara chache na walitumia dawa chache kuliko wasioimba. Kusuka si kuimba, ila siku maalumu, wenzako na ufundi unaoendelea kukua vinaweza kupatikana hata barazani kwenu. Waiteni majirani wawili watatu wa rika lake, kila Jumatano baada ya alasiri. Wajukuu wakae wafundishwe, wala mtu asifumue alichokosea mama bila mwenyewe kuomba. Oda za wafanyabiashara zisubiri; mkeka wa kwanza uwe wa mtu anayempenda.

Zikipita wiki mbili bila yeye kula wala kulala vizuri, au akisema hana haja ya kuishi, mpelekeni hospitali bila kusubiri ukili umchangamshe.