Mikono Kufa Ganzi Usiku: Anza kwa Kuuliza ni Vidole Gani

Wiki iliyopita msomaji mmoja kanitumia ujumbe wa sauti. Anakanda unga wa chapati mgahawani tangu alfajiri, na usiku wa manane ganzi inamwamsha. "Dada, nakung'uta mikono mpaka mume wangu anaamka. Mama mkwe anasema ni upepo mbaya. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, upepo huo hata mimi nilisingiziwa. Mimi ni fundi cherehani, na wenzangu mnaoshona sare za shule mnajua Desemba ilivyo: mkasi mchana kutwa, mota usiku. Mkono wa kulia ndio ulioanza. Nakurupuka usingizini, vidole nahisi vimevimba, nikiwasha taa havijavimba. Vinachomachoma. Nikivikung'uta pembeni ya kitanda vinarudi, nalala, baada ya muda vinakufa tena. Mwisho hata mchana sindano ikawa inanidondoka, na kushona kifungo ikawa kazi ya kumwita mwanafunzi wangu. Wifi yangu akasema mbele ya wageni kwamba mafundi wa siku hizi tunapenda kudekezwa. Nilinyamaza, lakini sijasahau.

Hospitali niliyokwenda hakuna aliyeniuliza vidole gani. Nikaambiwa damu haitembei, nipunguze mawazo, nikapewa vitamini. Niliporudi nikaongezewa vitamini. Sizitukani: B12 inamsaidia aliyepungukiwa nayo, na wapo, hasa wanaomeza metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu na wasiogusa nyama, maziwa wala mayai. Mimi sikuwamo.

Aliyenisaidia alikuwa mteja, mtaalamu wa fiziotherapia, aliyekuja kujaribisha gauni akaniona ninavyokung'uta mkono. Akaniuliza, "Kidole cha mwisho nacho kinakufa?" Nikafikiri. Hapana, chenyewe ni kizima.

Basi jibu lilikuwa hapo. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu, unaopita kwenye kifundo cha mkono. Njia yake ni nyembamba: chini na pembeni mifupa, juu utepe mgumu, na ndani umebanana na kano 9 za kukunja vidole. Fundi atanielewa: ni upindo mwembamba wa sketi uliopitishiwa mipira mingi. Kano zikivimba kidogo kwa kazi, mshipa unabanwa. Usiku ni balaa zaidi kwa sababu tukilala tunakunja viganja bila kujua, na maji ya mwilini yaliyokuwa miguuni mchana yanasambaa hadi mikononi.

Jipime. Bandika migongo ya viganja pamoja, vidole vitazame chini, kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyovitaja, una pa kuanzia.

Dawa yangu, kifaa cha kuvaa usiku ili kifundo cha mkono kisikunjike, nilijishonea mwenyewe, na hapa niruhusuni nijisifu. Jinzi kuukuu mapande mawili, mfuko mrefu upande wa kiganja, ndani yake kipande cha rula ya plastiki nilichokipiga msasa kingo, na vibandiko vya viatu vya watoto vya kufungia. Kifundo kinyooke, kisiinamie mbele wala nyuma. Vidole viwe huru, na usikaze. Unavaa kila usiku, si usiku wa maumivu tu, na usikate tamaa kabla ya wiki 6. Madukani vinauzwa vifaa hivyo vyenye kipande cha chuma ndani, na ni vizuri pia.

Ikiwa kinachokufa ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tatizo mara nyingi liko kwenye kiwiko. Zungushia taulo kiwiko ukilala, kisikunjike, na uache kulala na simu sikioni. Ganzi inayoshuka na maumivu kutoka shingoni ni habari nyingine, muone daktari.

Na jamani, tuache kulalia mikono! Mkono chini ya mto, mkono chini ya shavu, mkono chini ya mtoto. Dada zangu, mkono ndio mtaji. Cherehani unaipeleka kwa fundi ikikwaruza tu, mkono wako unausubiri uoze? Pumzika katikati ya kazi. Kifundo kinyooke mchana pia, hata ukikanda.

Mjamzito asiogope sana, kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Wengine pimeni sukari na tezi ya shingoni, maana vyote viwili huleta ganzi hii. Ikishinda nawe mchana kutwa, au nyama ya chini ya gumba ikaanza kunywea, usingoje: kuna sindano, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule utepe. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, huo si usiku wa kukung'uta mkono. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Mnaouliza kama nawashonea: nashona, ila ukija kupimwa mkono njoo na jibu la sukari.