Muuzaji anasema "Xeon": ninunue ipi?

SWALI: Shangazi Fundi, salamu kutoka Lurambi, Kakamega. Napiga video za harusi na matanga, kwa simu yangu na kamera ya kuazima. Laptopu imechoka, nikifungua video ya bibi harusi akiingia kanisani, anasimama mlangoni kama picha ya ukutani. Nimeweka akiba ya shilingi 40,000. Duka moja la Nakuru lina kompyuta mbili, mitumba ya Uingereza. Moja ni HP Z420: prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Xeon E5-1650, memori gigabaiti 32, kadi ya picha Quadro K2000, bei 38,000. Nyingine ni Dell OptiPlex 7060, ile ya mnara: Core i5-8500, memori gigabaiti 8 tu, bei 29,000. Muuzaji anasema HP ni ya mainjinia, Dell ni ya makarani. Nishike ipi?

JIBU: Mwanangu, chukua ya makarani.

Wenzangu wanaoitwa shangazi huandikiwa habari za mapenzi. Mimi hapa Kibuye, Kisumu, naletewa kompyuta zilizokata roho. Lakini shida yako haiko mbali na zao: umependa jina.

Kwa hesabu ya viini, yaani vile vichwa vinavyofanya kazi ndani ya prosesa, hakuna aliyemzidi mwenzake, kila moja ina sita. Ila Xeon hiyo ilitoka mwaka 2012 na i5 hiyo ni ya 2018, na kwa kazi ya video miaka hiyo sita ni mingi. Simu nyingi za siku hizi hubana video kwa mtindo wa H.265 ili zisijaze nafasi, na kuifungua tena video iliyobanwa hivyo ni kazi ya jasho. Ndani ya i5-8500 kuna sehemu ya picha iliyoundwa kwa kazi hiyo. Xeon yako haina sehemu ya picha hata kidogo, ndiyo sababu ikafungiwa kadi, na hiyo K2000 ilizaliwa kabla H.265 haijaenea, haiijui. Kwa hiyo Xeon itabeba gunia lote mgongoni, feni ivume kama kinu cha mahindi, na bibi harusi bado yuko mlangoni.

Halafu kuna tokeni za stima. Prosesa ya HP imepimwa wati 130, ya Dell 65. Ukiacha kompyuta ikitoa video usiku kucha, tofauti utaiona.

Na Windows 10 iliachwa na wenyewe, Microsoft, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaipokea i5 yako, ambayo ni ya kizazi cha nane, bila maneno. Hiyo Xeon haimo kwenye orodha yao. Vijana wanajua vichochoro vya kuiingiza, najua, lakini wewe una wateja wanaosubiri harusi yao.

Nakubali gigabaiti 32 zinatamanisha. Ila ni memori za aina ya zamani, DDR3, na Dell inakula aina iliyofuata, DDR4. Usifikirie kuzihamisha, hata mkato wake hauingii. Salio lako la 11,000 lianzie kwenye memori. Uliza kama zile gigabaiti 8 ni kipande kimoja. Kama ndivyo, ongeza kingine kinachofanana nacho, maana sehemu ya picha ya i5 inaazima memori ya kompyuta, na vipande viwili vinaipa njia mbili za kupita. Kikibaki kitu, nunua SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya kuwekea video unazozifanyia kazi.

Kuhusu kamera ya kuazima: nyingine hurekodi H.265 ya 4:2:2 ya biti 10, yaani yenye rangi nyingi zaidi. Hapo hata sehemu ya picha ya hiyo i5 itashindwa. Ingia kwenye mipangilio uchague 4:2:0, kisha endelea na harusi.

Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Nenda na video yako mwenyewe kwenye flashi, si ile ya muuzaji ya samaki wa rangi rangi. Kisha izime, iwashe huku ukibonyeza F2, uone kama inakuingiza kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani kabla ya Windows, na kukuruhusu kuibadilisha bila kudai nywila. Mimi niliwahi kununua tatu za ofisi kwa mpigo, zote zinawaka vizuri. Nilipofika nyumbani, moja ilikuwa na nywila ya kampuni iliyoitumia huko ng'ambo. Muuzaji akaniambia, "Si inawaka, mama?" Niliiuza vipande vipande. Angalia pia diski imefanya kazi jumla ya saa ngapi tangu itengenezwe. Kuna programu za bure zinazosoma hesabu hiyo kwa dakika moja. Fungua ubavu, unuse. Harufu ya kuungua haifichiki hata wakipuliza vumbi lote.

HP hiyo si takataka. Mtu wa hesabu nzito au michoro mikubwa, mwenye kadi nzuri ya kuiwekea, angeifanyisha kazi miaka kadhaa. Wewe si huyo.

Jambo la mwisho, maana najua utauliza ukishafika Lurambi: hiyo Dell hutoka na matundu ya DisplayPort ya kuchomekea waya wa skrini. Kama skrini yako ni ya zamani, ya waya wa VGA, mwambie muuzaji aongeze kigeuzi ndani ya bei hiyo hiyo. Akikataa, mwambie makarani huwa nacho.