Kabla Hujalipia Nyumba, Ikaguliwe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba mmefika hatua ya kununua nyumba. Umeniuliza kama kuna haja ya kumlipa mkaguzi wa majengo, ilhali benki imeshamtuma mthamini wake na mwenye nyumba anawahakikishia kwamba amekarabati kila kitu. Haja ipo. Mkaguzi huyo mtafuteni wenyewe, tena kabla hamjasaini mkataba wala kutoa malipo ya awali.

Nianze na mthamini, maana naona ndiye anayekutuliza moyo. Yeye ametumwa kujibu swali la benki: mkishindwa kulipa mkopo na nyumba ikauzwa, fedha zao zitarudi? Kwa hiyo huizunguka nyumba kwa muda mfupi, hupima ukubwa wa vyumba, hulinganisha na bei ya nyumba nyingine zilizouzwa karibu, kisha huandika thamani. Kwa kawaida hapandi darini wala hafunui chemba za maji taka. Ripoti anayoitoa ni ya benki, hata kama gharama yake mmekatwa ninyi. Nyumba ambayo kenchi zake, yaani mbao zinazobeba paa, zimeoza inaweza kuthaminiwa vizuri kabisa, kwa sababu pengine kiwanja peke yake kinatosha kurudisha mkopo. Ninyi mtakaolala chini ya kenchi hizo mna swali lenu, na hakuna aliyetumwa kulijibu.

Mwenye nyumba simwiti mwongo. Mtu anaweza kuishi miaka mingi ndani ya nyumba asijue kinachoendelea chini ya sakafu au juu ya dari. Lakini fahamu kwamba katika nchi nyingi ambazo sheria zake zina asili ya Uingereza, mnunuzi ndiye anayetarajiwa kuchunguza anachonunua. Ukishahamia ukagundua msingi umetitia, itakubidi uthibitishe kwamba aliyekuuzia alijua akakuficha, na kesi ya namna hiyo ni ndefu na ya gharama.

Sasa hayo marekebisho anayoyasema. Rangi mpya hunitia wasiwasi kuliko rangi iliyochakaa, hasa ikiwa imepakwa ukuta mmoja tu au nusu ya chini ya ukuta. Rangi haiponyi unyevu, inaufunika kwa miezi michache. Na unyevu una njia zaidi ya moja. Kuna unaopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekwa kizuizi au kilichowekwa kimechanika. Huo mara nyingi hauvuki mita 1 hivi kutoka sakafuni, na huacha mstari wa chumvi nyeupe pale unapoishia. Kuna unaotoka juu, paa linapovuja au mfereji wa paa unapoziba. Kuna wa bomba linalovuja ndani ya ukuta, na kuna unaotokana na mvuke wa kupika, kuoga na kupumua katika vyumba visivyopitisha hewa, ambao huleta ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya makabati. Kila mmoja una tiba yake. Ukitibu wa ardhini wakati tatizo ni bomba, umetupa fedha. Hata kile kipimo cha mkononi cha unyevu kinaweza kudanganya, kwa sababu chumvi iliyobaki ukutani hukipandisha ingawa ukuta umeshakauka. Mkaguzi mzuri hakisomi peke yake. Hutafuta maji yanakotoka.

Nyufa nazo zinataka jicho lililofundishwa. Lipu ikikauka hunywea na kuacha nyufa nyembamba kama unywele, na hizo zisiwanyime usingizi. Ufa wa kuutilia maanani ni unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, ukapanda kwa mshazari ukifuata viungo vya matofali, na ukauona ndani na nje mahali palepale. Tazama pia kama ni mpana upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba sehemu ya jengo inashuka au kuinuka. Wahandisi huangalia upana: ufa usiozidi milimita 5 kwa kawaida hurekebishika bila taabu kubwa, kati ya milimita 5 na 15 milango huanza kukwama na mvua hupata pa kupenya, ukizidi milimita 15 huenda sehemu ya ukuta ikabomolewa na kujengwa upya, ukizidi 25 uimara wa jengo lenyewe unatiliwa shaka. Lakini upana si jibu lote. Ufa mpana uliotulia kwa miaka una nafuu kuliko mwembamba unaoendelea kukua. Penye udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ufa unaweza kufunguka na kujifunga kwa majira, na miti mikubwa iliyo karibu huzidisha jambo hilo kwa kufyonza maji ardhini. Mkaguzi akisema aitwe mhandisi wa miundo autazame ufa fulani, msimwone anawaongezea gharama. Mwiteni.

Kama nyumba ina nguzo, boriti au roshani za zege, mwombe azikague kwa makini. Nondo ikipata kutu ndani ya zege huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na uvimbe huo hupasua zege kutoka ndani. Mistari ya rangi ya kahawia chini ya roshani, au vipande vya zege vinavyobanduka, si suala la kupiga lipu juu yake.

Paa, umeme na maji anavijua mkaguzi yeyote wa kweli, sitavirefusha. Hakikisha tu kwamba atapanda darini kuangalia mbao, kwa sababu mbao zikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi huanza kuoza, na mchwa nao hufuata njia hiyohiyo. Umeme utahitaji fundi mwenye leseni wa kupima waya wa ardhi na kile kikatishaji kinachozima umeme pale kiasi kidogo, aghalabu miliampea 30, kinapovuja. Maji, mfungue mabomba yote kwa pamoja muone kama nguvu inabaki, na chemba zifunuliwe. Jambo moja nalitilia mkazo: kama paa ni la zamani na linashukiwa kuwa la asbesto, mtu asilitoboe wala kulikata. Vumbi lake husababisha saratani, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na kibali.

Kumpata mkaguzi mwenyewe, usimkubali anayeletwa na dalali au mwenye nyumba, hata awe mpole namna gani. Wao wanataka biashara ipite, naye atataka waendelee kumwita. Muulize kama amesajiliwa na bodi ya fani yake, kama ana bima ya makosa ya kikazi, na akuoneshe ripoti aliyowahi kuandika, majina yakiwa yamefichwa. Ripoti ya kurasa mbili isiyo na picha haitakusaidia. Mkubaliane kwa maandishi atakagua nini, na ripoti iandikwe kwa majina yenu, kwa sababu ni yule aliyeandikiwa anayeweza kudai endapo kazi ilifanywa ovyo. Hati miliki na mipaka ya kiwanja si kazi yake; hayo ni ya mwanasheria na mpima ardhi, na msiyaache pia.

Siku ya ukaguzi mwende naye, wewe na mwenzako. Ikiwezekana iwe baada ya mvua kubwa. Msimsumbue akiwa kazini, lakini mwishoni mwombeni awazungushe awaoneshe kwa mkono alichokiona. Mengi mtayaelewa pale kwa dakika chache kuliko kwenye karatasi.

Ripoti ikitoka itakuwa na orodha ndefu ya kasoro, na moyo wako utashtuka. Hakuna nyumba isiyo na kasoro, hata mpya. Tenganisha yanayohatarisha maisha au kula fedha nyingi na yale ya kurekebisha taratibu mkishahamia. Kisha soma kwa makini kuliko yote sehemu ambayo watu huiruka, ile inayotaja alichoshindwa kukiona: dari iliyofungwa, kabati zito lililosukumwa ukutani, chemba iliyozikwa, chumba kilichokuwa na kufuli. Mkaguzi habomoi ukuta wala hang'oi sakafu ya mtu, kwa hiyo daima kutabaki sehemu za namna hiyo. Mwombeni mwenye nyumba azifungue, mkaguzi arudi. Mwenye nyumba akikataa bila sababu, hilo nalo limekuambia kitu.

Kwa kasoro kubwa, tafuteni makadirio ya fundi kwa maandishi, mkae na mwenye nyumba. Ama apunguze bei, ama atengeneze kabla ya mauziano na mkaguzi ahakikishe. Mimi napendelea apunguze bei, kwa sababu anayetengeneza nyumba anayoihama hutafuta fundi wa bei rahisi. Na mwanasheria wenu aweke sharti kwenye mkataba kwamba mnaweza kujitoa na kurudishiwa fedha zenu ukaguzi ukionesha tatizo kubwa. Dalali atawaambia kuna mteja mwingine amesimama mlangoni na fedha mkononi. Mwacheni huyo mteja anunue.

Najua ada ya mkaguzi inauma, hasa wakati kila shilingi mmeipangia kazi, na inauma zaidi mkiilipa kisha nyumba yenyewe mkaiacha. Usije ukainunua nyumba mbovu kwa kuwa tu umeshailipia ukaguzi. Mkiikataa, ada hiyo imefanya kazi yake yote, na mtailipa tena kwa nyumba itakayofuata. Mimi na baba yako tumezungumza, na kama ni hiyo inayokwamisha, tutaitoa sisi.

Nitumie majina ya wakaguzi mliowapata kabla hamjaamua, na ripoti ikitoka nitumie yote, pamoja na picha. Nitaisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha tuongee.

Akupendaye,
Mama yako