Mnaotoka Dar kwenda Mbeya kwa baiskeli na rafiki, someni hii kabla hamjafunga mizigo

Wadogo zangu, nimejaribu kukaa kimya nimeshindwa. Kila masika yakiisha, Juni ikiingia, naona picha zilezile. Vijana wawili wamesimama Kibaha asubuhi, baiskeli zimejaa mizigo mpaka taa ya nyuma haionekani, wameandika "Mbeya tunakuja". Siku chache baadaye picha inayofuata ina mtu mmoja tu, ukiuliza mwenzako yuko wapi unaambiwa "yuko nyuma anakuja". Wiki hii mmoja kaandika kabisa kwamba kamwacha mwenzake Chalinze ili wastani wake wa spidi kwenye Strava, ile app ya kurekodi safari za baiskeli, usishuke. Hapo ndo nikasema basi, leo naandika.

Siandiki kwa ubaya. Nawapenda, na hiyo barabara ya kilomita 800 na ushee naipenda kuliko barabara yoyote nchi hii, ndo maana inaniuma kuona mnaiharibu wenyewe.

1. Kabla ya kuongelea gia na keria, kaeni chini muongee nyie wawili. Bajeti ya kila mtu ni ipi, nani anaamka mapema, nani akichoka anasema na nani anakaa kimya mpaka adondoke (huyu wa pili ndo wa kumwangalia sana). Mtu wa kupiga naye stori kijiweni mnaweza mkashindwana kabisa kwenye jua la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, sio kwamba ni mbaya, ni jua. Nendeni Bagamoyo kwanza, mlale, kesho yake mrudi, na mizigo yote ileile ya Mbeya, sio mnaenda na chupa ya maji halafu mnasema tumejaribu.

2. Mizigo punguzeni, hamhami. Jinzi mbili za nini? Na ile mipira ya tyubu kuukuu tunayofungia mzigo ni mizuri kuliko kamba yoyote ya dukani ila ule mkia unaobaki unaning'inia uchomeke ndani, ukiingia kwenye spoku baiskeli inasimama wewe unaendelea. Afu angalieni saizi ya tairi. Njia nzima mafundi wana 26 za mauntenibaiki na 28 za Phoenix, wale wa 700c (saizi ya rimu za baiskeli za mbio) mnaojua baiskeli zenu ni nyepesi mkumbuke kwamba tairi la Phoenix linaitwa 28 ila kwenye rimu yenu halikai, kwa hiyo beba tairi moja la kukunja, kila mtu la kwake. Na valvu nyembamba pampu nyingi za mafundi haziishiki, beba kile kiunganishi cha kuifanya ishike pampu ya kawaida, kidogo tu hakina uzito.

3. Malori. Kuanzia Chalinze hadi Tunduma mko kwenye njia ya semi za Zambia na Kongo, dereva wa semi hawezi kukukwepa akiwa anapishana na mwenzake, kwa hiyo ukiona lori mbele na unalisikia lingine nyuma, shuka kwenye lami mapema, usisubiri honi. Kioo kwenye hendo na reflekta kifuani sio ushamba. Saa kumi na mbili asubuhi mko barabarani, saa tisa alasiri mnatafuta gesti, na usiku hakuna kuendesha, hata kama gesti iko mbele kidogo tu, ile "mbele kidogo tu" imeumiza watu.

4. Mikumi msijadiliane. Barabara inakatiza hifadhi kilomita 50 hivi, mle kuna simba na tembo na nyati, fikeni Doma mpakie baiskeli kwenye kosta au fuso mkashukie Mikumi mjini. Kuna kijana kaniambia "lakini kaka, safari itakuwa haijakamilika". Mdogo wangu, simba hajui rekodi yako.

5. Mlima Kitonga pandeni asubuhi na msishike malori. Najua mnashika, nimewaona. Lori linapanda taratibu, ni kweli, ila kwenye zile kona dereva hakuoni kabisa na likirudi nyuma nusu mita tu uko chini yake. Laleni Ruaha Mbuyuni au Mahenge, mnywe chai nzito, mpande kwa gia ndogo mkipumzika kila mkipata sehemu pana, na kama ni kusukuma sukuma, hamna aliyewahi kunyimwa chai Ilula kwa sababu alisukuma. Mkishuka mlima wowote breki za rimu usizing'ang'anie mfululizo, bana, achia, bana, achia, rimu ikichemka tyubu inapasuka.

6. Sasa hili la kuachana, ambalo ndo limenikalisha hapa.

Tulilala Mafinga, mi na mshikaji wangu, tumetoka Iringa jana yake. Asubuhi baridi ile ya Juni ya Mafinga, vidole vinagoma kubonyeza breki. Jamaa goti lilianza kumsumbua toka Ifunda. Hakusema, ila niliona anavyokanyaga pedeli, mguu mmoja unasukuma mwingine unafuata tu. Niliona, sitaki kuwadanganya kwamba sikujua. Mi miguu ilikuwa imefunguka, misitu ya misonobari pande zote, barabara inapanda na kushuka vizuri, nikamwambia "tutakutana mbele". Mbele wapi? Sikusema. Akaitikia "poa" nikaondoka.

Hapo sasa sikilizeni tulivyokuwa tumejipanga, maana kila mtu anajiona kapanga vizuri. Keria yangu ilikuwa imara kuliko yake, kwa hiyo pampu, viraka, solusheni na tyubu za spea zote zilikuwa kwangu. Hela ya safari tulichanga tukaiweka kwenye simu yangu ili isipotee. Ya kwake tuliizima kutunza chaji, tukasema simu moja iwe hewani inatosha. Kwa hiyo nilivyoondoka niliondoka na kila kitu, yeye akabaki na goti bovu na chupa ya maji.

Nimefika Makambako mchana, nikakaa pale njia panda ya Njombe, nikaagiza wali maharage nikala. Nikaagiza chai. Nikawa naangalia barabara, kila baiskeli inayotokea nasema ndo huyo, kumbe mtu na magunia yake ya mkaa. Ule upepo wa Makambako ukaanza. Nikapiga simu, haipatikani, bila shaka haipatikani, si tuliizima wenyewe. Jua likiwa linaelekea kuzama ndo nikakodi boda kurudi nyuma, na njia nzima nilikuwa naangalia mitaroni. Sitaki mmoja wenu aje aendeshwe kwenye boda huku anaangalia mitaroni hivyo.

Nilimkuta mbele kidogo ya Nyololo, kakaa kwenye kibanda cha mama anayeuza viazi, kasogezewa jiko la mkaa, kafunikwa kitenge. Baiskeli imelazwa pembeni. Nikaiangalia kabla sijamwangalia yeye, maana nilikuwa naogopa kumwangalia. Tairi la nyuma limechanika pembeni, tyubu imetokeza, valvu imekatika kabisa kwenye shina, na rimu imepigwa mabonde na kokoto upande wote mmoja. Yaani kaendesha bila upepo, umbali mrefu. Nikamuuliza kwa nini hukusukuma tu? Akasema alivyopata pancha alisukuma, halafu akapita boda akamwambia huko mbele lori limemgonga mtu wa baiskeli. Hiyo habari sijui ilitoka wapi, sijui hata kama ilikuwa kweli. Yeye akajua ni mimi. Akapanda baiskeli yenye pancha, na goti lile, akaja kunitafuta.

Yule mama akaniuliza "wewe ndo mwenzake?" Nilichelewa kujibu.

Makambako nzima tairi la 700c halikupatikana. Tukaagiza Dar, likaja na basi kama kifurushi, lakini rimu fundi aliinyoosha ikagoma, ikawa inasugua breki kila mzunguko. Jamaa akamalizia safari kwa basi na mi nikapanda naye, maana kuendelea peke yangu ningekuwa namwacha tena mchana kweupe. Hakunigombeza hata siku moja. Ila ilipita muda mrefu sana kabla hajakubali tena nikimwambia twende mahali kwa baiskeli, na nilikuwa namwelewa.

Tulivyorudi barabara ile tulikuwa na utaratibu mwingine, na ndo huu nawapa. Mwenye spidi ndogo anakaa mbele, yeye ndo anapanga mwendo, mwenye nguvu anakaa nyuma na kama nguvu zimemzidi aongezewe mizigo. Mkiachana kwa sababu yoyote, mnataja jina la sehemu, "sheli ya kwanza Mafinga", "njia panda Nyololo", sio "mbele". Aliye mbele asipomwona mwenzake kwa muda wa kunywa soda moja anageuza baiskeli anarudi, hapigi hesabu ya kilomita. Kila mtu ana pampu yake, tyubu yake, viraka vyake, simu iko hewani, na hela ya gesti na nauli mfukoni kwake. Uzito unaongezeka kidogo, sawa, ongezekeni.

Na wewe unayeumwa goti, sema. Ukikaa kimya unamwachia mwenzako akubahatishe.

7. Mengine haraka haraka: mafuta ya mgando mapajani kabla hujaanza kuumia, maji lita tatu kila mtu kati ya Mikumi na Ilula, na ORS (ile chumvi ya kuchanganya na maji) kwenye begi, gesti ulizeni kwanza kama baiskeli inaingia chumbani, baada ya Igawa mnaingia tambarare ya Usangu na joto linarudi, kwa hiyo majaketi ya Makambako yashuke chini ya begi, Inyala msiidharau, watu wanafika pale wanajua wameshamaliza halafu unaanza mlima miguu haipo.

8. Kurudi na basi. Bei ya baiskeli elewaneni na konda kabla haijaingia kwenye buti, sio Dar. Toa tairi la mbele, lifunge ubavuni kwa ile mipira ya tyubu, toa pedeli, na upande wa gia na mnyororo uwe juu. Simama pale pale mpaka buti lifungwe, maana kutoka Mbeya lazima kuna gunia la mchele linatafuta pa kulala, na likilala kwenye gia yako ya nyuma utaikuta imejikunja kwa ndani. Pedeli za nyie wawili msizichanganye kwenye mfuko mmoja, ya kushoto na ya kulia zinafungwa tofauti, na Dar kila mtu anashukia stendi yake.