Kabla ya Kuuliza CC, Shika Udongo

Karibu kila kijana anayetaka kuingia kwenye mbio za pikipiki za vumbi hapa Arusha huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue CC ngapi?" yaani injini ya ukubwa gani. Namwelewa. Pikipiki ya motokrosi ni ghali, spea zake zinatoka mbali, na mtu akishatoa hela yake anataka uhakika kwamba hataachwa nyuma. Lakini miaka yote niliyokimbia na kutengeneza mashine hizi, huku Arusha na kule Moshi, hewa na udongo ndivyo vilivyoamua ni nguvu kiasi gani itafika kwenye tairi la nyuma na kulisukuma mbele. CC zinakuja baada ya hapo.

Tuanze na hewa, kwa sababu haikwepeki. Kiwanja cha ndege cha Arusha, pale Kisongo, kiko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kiko karibu mita 900, na Moshi mjini nako si mbali na hapo. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo pikipiki ya CC 450 inayotoa nguvu za farasi 55 usawa wa bahari, ukiiwasha Arusha unabaki na 47 hivi, na Moshi kama 50. Joto nalo lina sehemu yake. Mchana wa Februari, Moshi ikipita nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba inakaribiana na ya Arusha siku ya ubaridi. Ndiyo maana mashine ileile iliyochangamka Moshi asubuhi inaonekana imechoka saa nane mchana, na fundi analaumiwa bure.

Injini za stroki nne (pistoni husogea mara nne kwa kila mlipuko) za siku hizi zina injekta ya kupulizia petroli, na kompyuta yake inapunguza petroli yenyewe kadiri hewa inavyopungua. Nguvu iliyopotea hairudi, ila mchanganyiko unakaa sawa. Stroki mbili (pistoni husogea mara mbili tu kwa kila mlipuko) ya kabureta inakutegemea wewe. Jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyopangwa kwa usawa wa bahari, ukija nayo Arusha, inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini inakoroma, inachelewa kuitikia ukivuta mafuta, na moshi unazidi.

Plagi itakuambia ukweli. Vuta mafuta hadi mwisho kwenye mnyoofu mrefu, kisha kamata klachi na uzime injini papo hapo, usiiache inguruma. Acha ipoe kidogo, fungua plagi, tazama kauri yake. Ikiwa ya kahawia, umepatia. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, shuka jeti moja kisha urudie. Ikiwa nyeupe, acha kuendesha mpaka upandishe jeti. Rangi hiyo nyeupe ndiyo ninayowasihi wadogo zangu waiogope, na hasa mnapotelemka. Ukitoka Arusha na jeti ndogo kwenda kukimbia Tanga au Dar es Salaam, hewa inakuwa nzito huku petroli ikibaki ileile. Joto linapanda, na kwa kuwa oili ya stroki mbili inasafiri ndani ya petroli, ukipunguziwa petroli umepunguziwa na oili pia. Pistoni inajamu ukiwa kwenye kasi, tairi la nyuma linakaza ghafla, na hapo mtu anaumia.

Sasa udongo. Chimba kwenye kona, kina cha vidole viwili hivi, chota konzi moja, kaza ngumi, kisha fumbua. Donge likibaki na alama za vidole, na ukilisukuma kwa dole gumba likavunjika vipande, huo ni udongo wa kasi: tairi linauma, na aliye na nguvu nyingi atazitumia. Ukimwagika kama unga, jiandae kuteleza. Ukinata kiganjani, mnaenda kupigana na tope.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Meru, udongo wa volkano ukikauka unaacha vumbi laini juu ya ardhi ngumu. Hapo mwenye 450 akivuta mafuta mapema akitoka konani, tairi linazunguka bure na mwenye 250 anampita kwa ndani. Kwenye hali hiyo naipenda stroki nne ya 250, kwa sababu nguvu yake inaanza chini na kupanda taratibu. Stroki mbili nguvu yake inakuja kwa kishindo resi zikifika katikati, na bila mkono mwepesi kwenye klachi inakugeuza. Wepesi wake ndio faida: kwenye kona nyingi zilizobanana, 125 inageuka pale ambapo 450 bado inafunga breki. Tope la masika au mchanga wa kina ni habari nyingine, maana vinameza nguvu, na hapo injini kubwa inajilipa.

Mashindano ya kimataifa yamekubali tofauti hizi siku nyingi: stroki nne ya 450 inapangwa na stroki mbili ya 250. Mwaka 1997 Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za pikipiki za Las Vegas akiwa na Yamaha ya stroki nne, wakati uwanja ulikuwa wa stroki mbili, na kuanzia hapo viwanda vikageuka. Kwa magari, Marekani kuna mbio za vumbi za duara kama Eldora, Ohio, na Knoxville, Iowa, ambako injini za lita 6.7 zinatoa nguvu za farasi karibu 900. Njia humwagiwa maji kabla ya mbio. Usiku unavyosonga inakauka na kung'aa, na hata madereva wenye nguvu zote hizo wanahama mstari, mara nyingi kupanda juu karibu na ukuta, kufuata udongo uliobaki na unyevu. Fanyeni hivyohivyo. Mstari wa asubuhi si mstari wa jioni.

Kwa anayeanza Arusha au Moshi, jibu langu ni 250 ya stroki nne kama ana fundi wa kuaminika na hela ya matengenezo, au 125 ya stroki mbili kama anataka kufungua injini mwenyewe, kwani kubadilisha pistoni yake ni kazi rahisi. Ongeza jino moja au mawili kwenye sproketi ya nyuma, urudishe sehemu ya mvuto uliochukuliwa na mwinuko. Upepo wa tairi uwe psi 12 kwenye udongo laini, 14 penye mawe. Na ea klina ya sponji ioshwe kila baada ya siku ya vumbi, ikauke kabisa, ndipo ipakwe oili yake mpaka rangi ienee kote, maana palipobaki pakavu ndipo vumbi la Meru litakapopita hadi kwenye silinda.